Mali ya Yatima na Hesabu ya Kuku



Dada yangu alifariki mwaka 2017, Mwenyezi Mungu amrehemu, akaacha mayatima wawili, kwani mumewe alikuwa amemtangulia. Binti alikuwa na umri wa miaka 12, na mdogo wake wa kiume miaka 6. Nikawachukua wote wawili nyumbani kwangu Kimara, upande wa Mavurunza, nao wakawa watoto wa nyumba hiyo hata leo. Kiwanja cha marehemu kilipouzwa, na madeni yake yakalipwa, zilibaki shilingi 12,600,000. Mali hiyo iligawanywa kwa sharia, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Kijana akapata 8,400,000, na dada yake 4,200,000. Mimi niliye ndugu wa marehemu sikuwa na haki ya hata senti moja, kwa kuwa mtoto wa kiume humzuia ndugu asirithi. Kazi yangu ilikuwa kulinda.

Fedha hizo niliziweka katika benki isiyoshughulika na riba. Tangu ilipofunguliwa Benki ya Amana mwaka 2011, ambayo ndiyo ya kwanza nchini kwetu kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, Mwislamu wa Dar es Salaam hana tena udhuru wa kusema kwamba hakupata pa kuweka. Kila mwaka nilitoa zaka, na kila mwaka ikaingia faida ndogo ya halali, hata fungu la binti likabaki karibu kama lilivyokuwa. Walakini nilikuwa nikikumbuka sana yaliyopokewa kwa Sayyidna Umar (r.a.), kwamba aliwahimiza walezi wafanye biashara kwa mali ya mayatima ili zaka isije ikaimaliza. Nilikumbuka, na nikaogopa. Sababu ya kuogopa nitaieleza mbele.

Jioni moja mwaka jana, baada ya swala ya Magharibi, yule binti, ambaye sasa amekwisha timiza miaka 20, alinijia barazani ameshika karatasi sita zilizochapishwa vizuri na kubanwa kwa pini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Una nini hapo?"

Akaniambia kwamba anataka apewe mali yake yote, afuge kuku wa nyama 300, na kwamba karatasi zile ni mchanganuo wa biashara. Nikavaa miwani nikasoma. Ukurasa wa kwanza ulisema kuwa kusudi la biashara hii ni kuwa mzalishaji mkubwa wa kuku katika Afrika Mashariki. Wa pili ulieleza maono, wa tatu dhamira. Wa nne ulikuwa na hesabu: kuku 300 kwa shilingi 8,000 ni 2,400,000, matumizi 1,150,000, faida 1,250,000 kwa mwezi, na kwa mwaka 15,000,000. Katika ukurasa wa tano nikakuta sentensi isemayo kuwa vifaranga watahitaji joto zaidi kwa sababu ya baridi kali ya Arusha.

Nikamwuliza, "Mwanangu, Kimara imehamia Arusha lini?"

Akainamisha kichwa. Kumbe karatasi zile alizinunua kwa shilingi 15,000 katika duka la kuchapisha hati. Pale huwapo michanganuo ya kila namna iliyokwisha tayarishwa, ya kuku, ya uyoga, ya saluni na ya matofali. Mtu hubadilishiwa jina tu akaenda zake. Safari hii mwenye duka alisahau kubadilisha mji.

Nilitaka kucheka, lakini sikucheka, kwa kuwa ukumbi ule ule niliokaa ndimo nilimofanya ujinga mkubwa kuliko huo. Mimi nalikuwa mwalimu wa hesabu zaidi ya miaka 30. Nilipostaafu mwaka 2013 nilipewa kiinua mgongo changu, na mwaka uliofuata nikanunua daladala iliyokwisha tumika kwa shilingi 19,000,000, ipakie abiria kutoka Kimara kwenda Posta. Sikuandika hata mstari mmoja. Nilipiga hesabu kichwani: abiria wangapi, safari ngapi, nauli kiasi gani, nikazidisha, nikafurahi. Wakati huo Barabara ya Morogoro ilikuwa imechimbwa tangu mwaka 2012 kwa ajili ya njia ya mabasi yaendayo haraka. Nilipita kando ya mitaro ile kila siku, nikaona vituo vikijengwa katikati ya barabara, na vumbi lake nikalivuta. Wala sikujiuliza mabasi yale yatakapoanza yatampakia nani, ikiwa si abiria wangu. Mwezi wa Mei mwaka 2016 yakaanza kwenda kati ya Kimara na Kivukoni, na daladala za njia ile zikahamishwa. Gari langu likahangaika katika njia za pembeni zenye mashimo na abiria wachache, likala vipuri kuliko lilivyoleta nauli, mwisho nikaliuza kwa shilingi 7,000,000. Mwalimu wa hesabu! Hakuna aliyenidhulumu. Habari ilikuwa wazi mbele ya macho ya watu wote, mimi sikuiandika katika hesabu yangu, kwa kuwa hesabu yenyewe haikuandikwa mahali.

Basi ndiyo sababu ya khofu yangu. Mali ile iliyopotea ilikuwa yangu, nami nitaulizwa juu yake kama mtu aulizwavyo juu ya mali yake. Mali ya yatima ina swali jingine.

Usiku ule sikulala mapema. Nilifungua Msahafu katika Suratun-Nisaa, aya ya 6, ambapo Mwenyezi Mungu anawaagiza walezi wawajaribu mayatima mpaka wafikie umri wa kuoa, na wakiona kwao uongofu wa kutunza mali wawakabidhi mali zao, tena wakabidhi mbele ya mashahidi. Nilikuwa nimeisoma aya ile mara nyingi, na kila mara nilitazama lile neno la kukabidhi. Usiku ule nikalitazama lile la kujaribu. Mlezi anayeshikilia fedha miaka yote, kisha siku moja akazitoa zote kwa mkupuo, hakumjaribu yatima. Na yule anayekataa kutoa kwa sababu yeye mwenyewe alipata hasara katika daladala, huyo naye hakumjaribu, amemhukumu tu.

Asubuhi nikampa binti daftari jipya lenye kurasa 96 na kalamu. Nikamwambia, "Karatasi zile ziweke. Katika daftari hili hutaandika tarakimu yo yote usiyoiuliza kwa mdomo wako, na mbele ya kila tarakimu utaandika uliiuliza wapi na siku gani. Maneno ya Afrika Mashariki usiyaandike kabisa."

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu nikamwona ametoka na daftari kwapani.

Wiki tatu alizunguka. Alikwenda katika maduka ya chakula cha mifugo, akazungumza na wafugaji wawili wa Saranga na mmoja wa Temboni, akapanda basi mpaka Shekilango katika soko la kuku, akasimama pale tangu alfajiri akisikiliza bei wanazopeana wachuuzi. Aliporudi kuketi nami barazani, hesabu yake ilikuwa ya namna nyingine kabisa, na ningependa wazazi wenye vijana waitazame kwa makini, kwa maana ndani yake mna mafunzo kuliko kurasa sita za kununua.

Kifaranga mmoja ni shilingi 1,800. Basi 300 ni 540,000. Kuku wa nyama hula kilo 3 hivi mpaka atimize wiki 5, kwa hiyo kuku 300 watakula kilo 900, nazo ni mifuko 18 ya kilo 50. Mfuko mmoja alikuta ni 76,000. Chakula peke yake ni 1,368,000, zaidi ya nusu ya matumizi yote, na kumbe katika karatasi za kununua kilikuwa kimeandikwa shilingi laki tano tu. Chanjo na dawa 90,000. Mkaa wa kuwapa vifaranga joto katika siku 14 za mwanzo 110,000. Maranda ya kutandika chini 40,000. Maji 30,000, umeme 25,000, na gari la kupeleka kuku sokoni 60,000. Jumla ya matumizi ni 2,263,000.

Kisha wafugaji wote watatu wakamwambia jambo ambalo haliko katika karatasi: kuku hufa. Hata aliye hodari hupoteza 5 katika kila 100. Basi wa kuuza si 300, ni 285. Kwa shilingi 8,000 watatoa 2,280,000.

Akasoma tarakimu ya mwisho kwa sauti ndogo: faida, shilingi 17,000.

Tukanyamaza. Ule mlima wa milioni kumi na tano kwa mwaka ulikuwa umeshuka ukawa nauli na chai. Naye akaongeza, kwa unyofu ulionipendeza sana, kwamba ile bei ya 8,000 si ya kila siku. Kule Shekilango alisikia mchuuzi akimwambia mfugaji achukue 7,500 au arudi na kuku wake, na mfugaji akachukua, kwa sababu kuku wa nyama akikaa siku moja zaidi hula chakula cha siku moja zaidi. Kwa bei hiyo ni hasara ya shilingi 125,500. Tena mwaka hauna awamu 12 kama karatasi zilivyosema. Wiki 5 za kulea na wiki 2 za kusafisha banda na kulipumzisha ni wiki 7, na mwaka mzima una awamu 7 tu.

"Basi niache, mjomba?"

Nikamwambia sikumtuma kuuliza ili aache. Nilimtuma ili ajue ni mahali gani fedha hupotea, na sasa anapajua: huyu mfugaji hana mnunuzi wake mwenyewe, kwa hiyo bei anapangiwa na mtu mwingine. Hapo ndipo pa kufikiri.

Akafikiri, na shauri alilolileta lilitoka kwake, si kwangu. Alisema Kimara watu ni wengi wanaorudi na mabasi jioni wakiwa wamechoka, nao hawana nafasi ya kuchinja na kunyonyoa. Tena Waislamu wengi wana wasiwasi juu ya nyama ya kuku iliyogandishwa, hawajui amechinjwa na nani wala vipi. Yeye atafuga kuku 100 tu, atachukua oda kabla, na mzee mmoja wa msikitini kwetu atamchinjia kwa sharia. Kisha atawapelekea wateja nyumbani wakiwa safi, kwa shilingi 10,000 kila mmoja. Nikamwambia aende akaulize nyumba 40. Akarudi na majina 31 waliosema ndiyo, akayaandika yote. Juu ya majina hayo nikamwonya kwamba ndiyo ya mdomo si fedha, naye akaandika onyo hilo pembeni. Alikuwa mtiifu kuliko nilivyokuwa mimi.

Mwanzo alitaka pia kupanga kibanda cha kuuzia kando ya Barabara ya Morogoro. Hapo sikungoja daftari. Mwaka ule ule aliofariki mama yake tulishuhudia nyumba na maduka yakivunjwa kutoka Kimara hadi Kiluvya kwa ajili ya hifadhi ya barabara, na wengine waliovunjiwa walikuwa wamekwisha lipa kodi ya pango ya mwaka mzima. Anayeandika juu ya biashara yake na asiandike ardhi ile ni ya nani, ameandika juu ya maji. Tukakubaliana atumie jiko la nje lililoachwa nyuma ya nyumba yangu.

Habari za mpango huu zikafika msikitini, kwa kuwa Kimara ni mji mkubwa lakini maneno yake ni ya kijiji. Bwana mmoja tunayeswali naye safu moja akanijia na nia njema, akasema atampa binti shilingi 2,000,000 za kukuza biashara, naye kila mwezi amrudishie 100,000 tu kama faida, na rasilmali (ambayo vijana siku hizi huiita mtaji) itabaki pale pale. Nikamwuliza, "Na kuku wakifa?" Akasema, "Hiyo ni juu yake; mimi nataka laki yangu." Ndugu zangu, hii ni riba iliyovaa kanzu. Katika mudharaba, mwenye mali na mwenye kazi hugawana faida kwa sehemu waliyokubaliana, nusu kwa nusu au thuluthi, wala hakatiwi mmoja wao kiasi maalum; ikitokea hasara pasipo uzembe, mwenye mali hupoteza mali yake, na mwenye kazi hupoteza jasho lake. Bibi Khadija (r.a.) alipompa Mtume wetu (s.a.w.) bidhaa zake azipeleke Sham, kabla ya Utume, alimpa kwa mapatano yaliyojulikana, na mtumishi wake Maysara akaenda pamoja naye akayaona yaliyotendeka. Bwana yule hakukasirika. Alisema hakuwa amejua kuwa jambo hili ni kubwa hivyo. Nami naamini wengi wetu hatujui, kwa sababu khutba za riba huzungumza juu ya mabenki, na riba nyingi hukaa sebuleni kwetu.

Wako waliomshauri pia binti atafute mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba, na Mwislamu mwenye haja asiipuuze. Lakini kwa vijana na wanawake hutolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, vyenye andiko la mradi, naye hakuwa na kikundi. Akaandika habari hiyo katika ukurasa wa nyuma wa daftari, iwe akiba ya mbele.

Hesabu ya pili ilikuwa hivi. Vifaranga 100, shilingi 180,000, mifuko 6 ya chakula, 456,000, chanjo na dawa 40,000, mkaa 60,000, maranda 15,000, maji na umeme 25,000, kuchinja na kunyonyoa kuku 95, kwa shilingi 500 kila mmoja, 47,500, vifungashio 9,500, nauli za kupeleka 30,000. Jumla 863,000. Mauzo ya kuku 95 ni 950,000. Faida ni 87,000 kwa wiki 5, na ndani yake hajajilipa mshahara. Ni kidogo, lakini ni fedha ambayo unaweza kuinyooshea kidole na kusema inatoka wapi. Tukaongeza 200,000 za kutengeneza banda, 120,000 za vyombo vya kulishia na kunyweshea, na 117,000 za dharura. Zikawa shilingi 1,300,000.

Nikamkabidhi kiasi hicho, si zaidi, mbele ya imamu wetu na jirani mmoja mwenye heshima. Wakatia sahihi katika daftari, pamoja na tarehe. Mali yake iliyobaki nikamwambia ni yake pia, nayo atakabidhiwa kadiri tutakavyoona kazi ya hii ya kwanza.

Awamu ya kwanza ilianza vizuri. Siku ya 7 aliwapa kuku chanjo ya mdondo. Siku ya 14 ilikuwa chanjo ya Gumboro, na hapo likatokea kosa: alitoka nayo dukani Ubungo ndani ya pochi, bila barafu, akakaa foleni ya basi saa mbili katika jua la mchana. Chanjo ikishapata joto ni maji matupu. Katika wiki ya nne wakaanza kufa, wawili leo, watatu kesho, mpaka wakafika 11. Daktari wa mifugo aliuliza swali moja tu, ilisafirishwaje, na binti akajibu kweli. Usiku huo alilia. Alipokwisha kulia akaandika: chupa ya chai yenye barafu, 12,000, kununuliwa kabla ya awamu ya pili.

Wakabaki kuku 89, na wote wakauzwa katika siku nne. Watu walisifu. Mimi nikatembea kifua mbele kutoka msikitini. Bei ya chakula ilikuwa imepanda shilingi 2,000 kwa mfuko, na gharama za kuchinja na kufungasha zikapungua kidogo kwa wale waliokufa. Matumizi yote ya awamu ile yakawa 871,400. Mauzo, 890,000. Faida, 18,600. Nikamwambia kuwa kwa awamu yenye vifo 11 hiyo si fedheha.

"Ni ya kwenye daftari, mjomba," akasema. "Mkononi sina."

Nikamwuliza ana kiasi gani mkononi. Akasema 750,000. Maana yake hakuwa na faida ya 18,600, bali alipungukiwa na shilingi 121,400 hata ya kurudisha alichotumia, na vifaranga wa awamu ya pili walikuwa wamekwisha agizwa. Nikadhani ameibiwa. Akasema la, ni madeni. Kuku 14 walichukuliwa kwa ahadi ya mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulipita siku 20. Katika hesabu zetu zote, mimi na yeye, mkaa tuliuandika na maranda tuliyaandika, hatukuandika kwamba mteja wa Kimara hununua kwa kesho. Na wahenga walikwisha sema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nikashika daftari kwa hasira, nikasema, "Nipe majina. Mimi mwenyewe nitapita mlango kwa mlango. Watu wazima hawaoni haya kula mali ya yatima!"

Akasita. Akasema haina haja, atawakumbusha kwa simu. Nikafungua ukurasa. Wa kwanza katika orodha, kwa mwandiko wake ule safi, palikuwa pameandikwa: Mjomba, kuku 3, shilingi 30,000.

Nilikumbuka. Siku ile tulipata wageni kutoka Temeke, mke wangu akasema nyumbani hamna kitoweo, nami nikatoka mpaka bandani nikamwambia binti achinjiwe watatu, kisha nikamwambia maneno haya, ambayo leo nayaandika kwa aibu: "Usijali, sisi ni watu wa nyumba moja." Wala sikufikiri tena habari yao. Nililala usingizi mzuri, mlezi wa mayatima, mwalimu wa hesabu, mwenye kuhubiri daftari, nami nimekula kuku watatu wa yatima nikaona ni kitoweo cha nyumbani. Waliofuata katika orodha, nikitazama vizuri, wengi walikuwa majirani walioniona nikiwachukua wale watatu bila kutoa fedha.

Sikuwa na la kusema kwa muda mrefu. Binti akawa anaondoa punje za mchele katika ungo, hanitazami, kwa adabu.

Ile aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ya 282 ya Suratul-Baqara, nayo yahusu deni. Imeamrisha kwamba deni la muda liandikwe, likiwa dogo au kubwa, wala watu wasichoke kuliandika. Na imeagiza kwamba anayetamka maneno ya kuandikwa awe yule mwenye kudaiwa, amche Mola wake, wala asipunguze kitu. Nimeisikia ikifasiriwa tangu utoto, nikidhani inamhusu mfanyabiashara wa Kariakoo na mwenzake. Haikunipitikia kwamba inaweza kumhusu mzee na mpwa wake, uani, juu ya kuku.

Nilikuwa na shilingi 4,000 mfukoni. Pensheni ilikuwa bado siku tisa.

Nikamwambia aache ungo, achukue kalamu, aufute mstari ule alioandika yeye, nami nitatamka mwenyewe. Akafungua ukurasa mpya. Nikataja jina langu kamili, kisha kuku watatu, kisha shilingi 30,000, kisha tarehe niliyowachukua, kisha kwamba zitalipwa siku ya pensheni, kabla sijanunua kitu cho chote. Akaandika polepole, akanisomea toka mwanzo hata mwisho, akanipa kalamu, nikatia sahihi.